Hedseti ya kazini: unawasikia vizuri, mbona wao hawakusikii?

Simu ya mezani inazidi kuondoka maofisini. Mhudumu wa wateja wa kampuni ya bima, afisa mikopo, mwalimu anayefundisha kwa mtandao, kijana anayeifanyia kazi kampuni ya ng'ambo akiwa chumbani kwake Kinondoni au Kasarani, wote siku hizi wanapiga na kupokea simu kwenye kompyuta, hedseti kichwani. Na wote wanaijua kauli moja inayotoka upande wa pili: "Samahani, sikusikii vizuri." Ikishatamkwa, lawama zinaanza. Hedseti ni feki. Mtandao ni mbovu. Kompyuta imezeeka. Mtu anakwenda Kariakoo au Luthuli Avenue, anatoa pesa nyingi kuliko mara ya kwanza, anarudi na hedseti ya kupendeza, na kesho yake mteja anamwambia yale yale.

Sehemu kubwa ya mkanganyiko huu inatokana na namna tunavyonunua. Dukani mtu huivaa hedseti, huwekewa muziki, husifia besi, kisha hulipa. Amepima upande mmoja tu. Jinsi sauti yake yeye itakavyomfikia mtu aliye Arusha au London, hilo hakulipima, na boksi haliwezi kumwonyesha. Hedseti ya muziki unayanunulia masikio yako. Hedseti ya kazi unayanunulia masikio ya mtu mwingine. Ukilishika hilo, maswali mengi ya kuchagua na ya kutafuta hitilafu yanakuwa mepesi.

Tuanze na vitu vyenyewe. Hedseti ni vifaa viwili vilivyofungwa pamoja: spika ndogo za masikioni, na maiki. Kila kimoja kina kazi yake, na kimoja kinaweza kuwa kizima kabisa huku kingine kimekufa. Kati ya maiki na programu ya simu kuna kadi ya sauti, yaani sehemu ya kielektroniki inayogeuza sauti kuwa tarakimu ambazo kompyuta inazifahamu, na kuzigeuza tarakimu kuwa sauti tena. Programu huzichukua tarakimu hizo, huzibana, huzikata vipande vidogo ambavyo kwa kawaida kila kimoja hubeba milisekunde 20 za sauti, kisha huvirusha kwenye intaneti, vipande 50 kila sekunde. Kompyuta ya mwenzako huvipokea na kuviunga. Mdomo, maiki, kadi ya sauti, programu, intaneti, halafu hatua zile zile kinyumenyume hadi kwenye sikio la mwenzako: hiyo ndiyo safari nzima. Kila hatua ina ugonjwa wake na dalili zake, na anayejua dalili hatumii pesa kununua dawa ya ugonjwa mwingine.

Maiki kwanza

Hatua inayodharauliwa kuliko zote ni ile fupi zaidi: kutoka mdomoni hadi kwenye maiki. Kila umbali huo unapoongezeka mara mbili, sauti yako inayofika kwenye maiki hushuka kwa takriban desibeli 6, ilhali feni, bodaboda zinazopita na mazungumzo ya jirani hayajashuka hata kidogo. Maiki iliyo juu ya skrini ya laptopu, nusu mita kutoka usoni, inasikia chumba sawasawa na inavyokusikia wewe. Ndiyo maana hedseti ya bei ya kawaida yenye mkono wa maiki unaofika karibu na mdomo mara nyingi huishinda ile ya gharama ambayo maiki yake imefichwa kwenye kifuniko cha sikio. Mimi nikiombwa ushauri, mkono huo ndio kitu cha kwanza ninachouliza, kabla ya chapa na kabla ya bei.

Maiki ikae kwenye pembe ya mdomo, umbali wa vidole viwili hivi. Ikiwa mbele kabisa ya midomo, kila "p" na "b" hupuliza pumzi ndani yake na mwenzako husikia mipasuko. Ikiwa chini ya pua, atasikia unavyohema. Angalia pia kama mkono umejipinda: maiki nyingi za aina hii zina upande mmoja unaotakiwa kuelekea mdomoni, na mtu akiivaa hedseti kinyume, kushoto kulia, upande huo unatazama dirisha. Kile kisifongo cheusi kinachoifunika kina kazi ya kuzuia pumzi. Kisitupwe.

Kisha kuna maneno ya kwenye boksi yanayowapoteza watu wengi: kwamba hedseti "inaondoa kelele". Swali la kumuuliza muuzaji ni, kelele hizo zinaondolewa kwa nani? Kuna teknolojia mbili zinazouzwa kwa maneno hayo hayo. Ya kwanza inafanya kazi upande wa masikio: vimaiki vidogo husikiliza sauti za nje, na spika hutoa wimbi la kinyume linalozifuta kabla hazijakufikia. Hutuliza vizuri mvumo wa chini usiobadilika, kama wa jenereta, kiyoyozi au injini ya basi. Anayefaidika ni wewe uliyevaa. Mteja wako hapati chochote kutokana nayo, na kelele zote za ofisini bado anazisikia. Ya pili inafanya kazi upande wa maiki: maiki mbili au zaidi zinazoshirikiana kuibagua sauti iliyo karibu, au programu inayotenganisha maneno na mengineyo. Hiyo ndiyo inayomsaidia mwenzako. Hedseti inaweza kuwa na moja, zote mbili, au isiwe na hata moja, na bei haikwambii ni ipi.

Hata hiyo ya pili ina mipaka yake. Programu za kusafisha sauti zimefunzwa kuitambua sauti ya binadamu anayezungumza na kuondoa mengine. Feni inaondoka vizuri sana. Lakini televisheni ya sebuleni, watoto wanaocheza na mwenzako wa meza ya pili nao ni sauti za binadamu, na programu haina njia rahisi ya kujua ni ipi inayotakiwa. Mvua kwenye bati ni mtihani mwingine, kwa sababu kelele yake imetapakaa katika masafa yale yale ya maneno. Programu ikijitahidi kuikata, inakata na sauti yako, na unabaki unasikika mwembamba, maneno yamemegwa miisho. Siku ya mvua ya namna hiyo, maiki iliyo karibu na mdomo inakusaidia kuliko programu yoyote. Na kama hedseti yako inasafisha sauti na programu ya simu nayo inasafisha, zima moja. Mara nyingi zikifanya kazi pamoja, mianzo ya sentensi humezwa.

Waya, USB au Bluetooth

Plagi ile ndogo ya duara ya milimita 3.5 inaonekana moja, kumbe zipo za aina mbili. Itazame ncha yake: yenye pete tatu za plastiki inabeba sauti ya masikio na ya maiki pamoja. Yenye pete mbili inabeba kimoja tu. Laptopu nyingi za sasa zina tundu moja linalopokea vyote, lakini kompyuta nyingi za mezani zina matundu mawili, la kijani la kusikiliza na la waridi la maiki. Ukichomeka plagi ya pete tatu kwenye tundu la kijani utasikia kila kitu, na hakuna atakayekusikia. Hedseti haina kosa. Inahitaji kiunganishi cha kugawa waya huo uwe miwili, kitu cha bei ndogo.

Hedseti ya plagi hii pia hutegemea kadi ya sauti ya kompyuta, na hapo huingia tatizo ambalo wengi hawalihusishi na umeme. Kama mwenzako anasikia mvumo usiokoma nyuma ya sauti yako, chomoa chaja ya laptopu kwa muda. Mvumo ukipotea, chanzo ni umeme unaopenya kupitia chaja, hasa pale ambapo soketi haina waya wa ardhini. Kununua hedseti nyingine ya plagi ya aina hiyo hakutabadilisha kitu.

Hedseti ya USB inabeba kadi yake ya sauti ndani. Ndiyo maana ukiichomeka, kompyuta huiorodhesha kwa jina lake kama kifaa kipya, bila kuhitaji kusakinisha chochote mara nyingi. Kwa mtu anayekaa mezani kutwa nzima akipokea simu, hili ndilo chaguo ninalolipendekeza bila kusita: haina betri ya kuisha katikati ya zamu, haigombanii mawimbi na mtu, na ukiihamisha kwenye kompyuta nyingine inakwenda na ubora wake. Mwenye laptopu ambayo tundu lake la sauti limekufa anaweza kununua kadi ndogo ya sauti ya USB na kuendelea na hedseti yake ya zamani.

Bluetooth ndiyo inayoleta malalamiko mengi zaidi. Mtu ana hedseti ambayo muziki wake ni safi kabisa. Anaingia kwenye simu ya kazi, na papo hapo kila kitu kinasikika kimezibwa, chembamba, hata sauti za wenzake. Anadhani imeharibika. Haijaharibika. Fikiria daraja jembamba: magari yakiruhusiwa kupita upande mmoja tu, hata lori linapita, yakitakiwa kupishana pande zote mbili kwa wakati mmoja, zitapita bodaboda peke yake. Bluetooth ya kawaida ina namna mbili za kufanya kazi. Moja ni ya kusikiliza tu, na inabeba sauti pana. Nyingine ni ya mazungumzo, inabeba sauti kwenda na kurudi, lakini kwa kuipunguza. Maiki ya hedseti inapofunguliwa, kompyuta huhamia namna ya pili yenyewe.

Kupungua huko kunapimika. Namna ya zamani ya mazungumzo huchukua sampuli, yaani vipimo vidogo, 8,000 za sauti kila sekunde, sawa na mfumo wa simu za mezani uliobuniwa kubeba masafa ya hezi 300 hadi 3,400. Iliyoboreshwa huchukua 16,000. Sehemu kubwa ya nguvu ya "s" na "f" iko juu ya mpaka huo wa zamani, ndiyo maana mteja anakuomba urudie, hajui umesema "futa" au "suta", hasa kwenye majina ya watu na ya mitaa ambako hawezi kukisia kutokana na sentensi.

Unaweza kuikwepa namna hiyo ya mazungumzo kwa kuiambia programu itumie maiki nyingine, kwa mfano ya laptopu, na hedseti ibaki ya kusikiliza. Muziki utarudi, ila tatizo la umbali wa maiki nalo litarudi. Suluhisho zuri zaidi ni hedseti isiyo na waya inayokuja na kidude chake cha kuchomeka kwenye USB. Kompyuta hukiona kidude hicho kama kadi ya sauti ya kawaida, na hedseti na kidude huzungumza kwa namna ambayo mtengenezaji mwenyewe ameipanga. Upo pia mfumo mpya uitwao LE Audio, uliotangazwa mwaka 2020, unaopunguza sana tatizo hili, lakini lazima hedseti na kompyuta zote ziwe nao. Kimoja kikikosa, mnarudi kule kule.

Bluetooth vilevile inatumia masafa ya gigahezi 2.4, ambayo yanatumiwa na Wi-Fi nyingi na hata jiko la maikrowevu. Ofisi yenye watu kadhaa waliovaa hedseti hizi katika chumba kimoja itasikia mikatiko ambayo hakuna fundi atakayeiona kwenye kifaa kimoja kimoja. Kuihamishia Wi-Fi kwenye gigahezi 5 husaidia. Baadhi ya vituo vya huduma hutumia hedseti za mfumo wa DECT, ule wa simu za mezani zisizo na waya, ulio karibu na gigahezi 1.9 na unaofika mbali zaidi. Anayeagiza hizo aangalie soko zilikotengenezewa, kwa sababu za Marekani na za Ulaya hazitumii masafa yale yale.

Sikio moja au mawili ni suala la mazingira. Sauti ya simu ni ile ile pande zote mbili, kwa hiyo hupotezi kitu kwa kusikia kwa sikio moja. Ofisi yenye zogo inataka mawili. Dawati la mapokezi, ambako lazima umsikie na mgeni aliyesimama mbele yako, linataka moja.

Jambo la kiwango cha sauti ni zito zaidi ya hilo. Mwaka 1911 daktari Mfaransa Étienne Lombard alieleza jinsi mtu anavyopaza sauti bila kujijua akizungukwa na kelele. Kitu kinachofanana na hicho hutokea ukiziba masikio: hujisikii vizuri, kwa hiyo unapiga kelele, jirani yako anapaza ya kwake, na chumba kizima kinapanda. Hedseti nzuri za kazini hukurudishia kidogo sauti yako mwenyewe masikioni ili usipaze, na kama yako ina mpangilio huo, uwashe. Shirika la Afya Duniani linashauri kikomo cha desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Kwa desibeli 90 muda huo unashuka hadi saa 4. Mhudumu wa simu anavaa hedseti karibu saa hizo 40 kila wiki, kwa miaka. Akilazimika kuipandisha hadi mwisho ili asikie, ofisi inapaswa kuishughulikia kelele ya chumba au kumpa hedseti inayoziba vizuri. Masikio yake hayana mbadala.

Ukiambiwa husikiki

Usianze kwa kununua. Funga programu ya simu, fungua programu ya kurekodi sauti iliyomo kwenye kompyuta, hakikisha imeichagua maiki ya hedseti, jirekodi sekunde ishirini na ujisikilize. Kipimo hiki hakihitaji intaneti, na ndiyo faida yake. Kama rekodi ni safi, basi maiki, waya, tundu na kadi ya sauti ni vizima, na hitilafu iko kwenye programu ya simu, kwenye intaneti, au kwa mwenzako. Kama rekodi ni mbaya, intaneti haihusiki, hata kama leo kila mtu analalamikia intaneti.

Kama hakuna sauti kabisa, tafuta mahali ilipozimwa, na kumbuka inaweza kuzimwa zaidi ya mahali pamoja: kitufe cha kwenye waya au kwenye mkono wa maiki, mipangilio ya kompyuta, na ndani ya programu. Vitufe hivyo havijuani kila mara. Kwenye baadhi ya hedseti, kuinua mkono wa maiki juu kunaizima. Kisha angalia programu imechagua kifaa gani. Kompyuta yenye kamera, skrini yenye spika na hedseti inaweza kuwa na maiki tatu, na programu huenda bado inaisikiliza ya jana. Windows hata inakuruhusu kuwa na kifaa kimoja cha sauti za kawaida na kingine cha mawasiliano, ndiyo maana muziki unaweza kutokea kwenye hedseti na simu ikatokea kwenye spika. Wanaopiga simu ndani ya kivinjari waangalie pia kama tovuti imeruhusiwa kutumia maiki. Aliyebonyeza "kataa" mara moja hataulizwa tena. Ruhusa ataibadilisha kwenye alama iliyo kando ya anwani ya tovuti.

Hedseti ya USB inayokatika na kurudi ihamishwe tundu kwanza. Ikiwa imepita kwenye kigawanyio cha USB kisicho na umeme wake, ichomeke moja kwa moja kwenye kompyuta. Hedseti ya Bluetooth inayopotea sauti ghafla mara nyingi imeunganishwa na simu ya mkononi pia, na ujumbe ukiingia kule, inakimbilia kule.

Mwangwi ndio unaowachanganya watu kuliko yote. Ukisikia sauti yako mwenyewe ikikurudia baada ya muda mfupi, mara nyingi hedseti yako haina kosa. Sauti yako imefika kwa mwenzako, imetoka kwenye spika yake, imeingia kwenye maiki yake, na imekurudia. Tiba iko kwake: avae hedseti, au apunguze spika. Katika mkutano wa watu wengi, yule asiyesikia mwangwi wakati wengine wote wanausikia ndiye anayeuzalisha. Waombe watu wazime maiki mmoja mmoja. Akizima yeye, unakoma. Ndiyo sababu watu hubadilisha hedseti mbili tatu na mwangwi usiondoke: walikuwa wanaitibu nyumba isiyo na mgonjwa.

Sauti iliyovunjika vipande, inayofanana na ya roboti au inayoruka silabi, ni dalili ya intaneti. Vile vipande vya milisekunde 20 vimepotea njiani au vimefika bila mpangilio. Hapa ipo dhana nyingine ya kuondoa: kwamba dawa ni kifurushi cha kasi zaidi. Simu ya sauti inahitaji kidogo mno, hata mfumo wa zamani wa kusimba sauti, yaani kuigeuza kuwa tarakimu, hauvuki kilobiti 100 kwa sekunde kila upande. Inachohitaji ni vipande kufika kwa mwendo usiobadilika. Laini ya megabiti 50 inayosita kila baada ya sekunde chache ni mbaya kwa simu kuliko laini ya megabiti 3 iliyotulia. Tumia waya wa mtandao badala ya Wi-Fi ukiweza, na usimamishe upakiaji wa mafaili makubwa wakati wa simu.

Kuchelewa ni jambo lingine tena. Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU, linaweka milisekunde 150 kwa upande mmoja kuwa kiwango ambacho mazungumzo mengi huenda bila shida. Ikizidi sana, watu huanza kukatizana maneno na kila mmoja hudhani mwenzake hana adabu. Afrika Mashariki tumeyaishi hayo: kabla ya nyaya za chini ya bahari kufika mwaka 2009, SEACOM na TEAMS zikiwa miongoni mwake, intaneti yetu nyingi ya kimataifa ilipanda kwenye satelaiti zilizo kilomita 36,000 hivi juu na kushuka tena, robo sekunde kwa kila upande kabla ya kuongeza kingine chochote. Na tarehe 12 Mei 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika, mtandao ulizorota katika nchi kadhaa za ukanda huu. Siku kama hiyo hakuna hedseti itakayokuokoa, na mtu asiombwe kuinunua.

Ikibidi umwite fundi wa kompyuta, ujumbe wa "hedseti haifanyi kazi" hautamsaidia. Mwandikie hivi: "Natumia hedseti ya USB. Mimi nawasikia wateja vizuri, wao wananisikia nikikatika, hasa kati ya saa nne na saa sita asubuhi. Nimejirekodi bila intaneti, rekodi ni safi. Nimebadilisha tundu la USB, hali ni ile ile." Fundi atakayesoma hayo hataigusa hedseti yako. Atakwenda moja kwa moja kuangalia nani anapakia nini kwenye mtandao wa ofisi saa nne.